Ndimu ya unga kwenye sabuni na losheni za nyumbani: ipime, usiikadirie

Anayeanza kutengeneza sabuni ya maji au losheni nyumbani hakawii kukutana na asidi ya sitriki, ile ambayo wengi tunaiita ndimu ya unga au sitriki tu. Na hakawii kuuliza. Nitie vijiko vingapi kwenye losheni? Nikiikoroga na maji nikapaka usoni, madoa yatatoka? Sabuni yangu ya kipande inakausha ngozi, nikiongeza sitriki italainika? Mteja anataka kung'aa, nimtilie kiasi gani? Maswali ni yale yale, na majibu mengi yanayozunguka mitaani ni ya kubahatisha. Hapa nimeyajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Jibu fupi ni kwamba kazi ya sitriki katika vitu vya ngozi ni kushusha pH ya bidhaa (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda) ifikie pale ngozi inapopapenda. Inaingia kidogo sana, inaingia ikiwa imeyeyushwa, na inapimwa kwa mizani na karatasi ya pH. Kazi ya kumenya ngozi na kung'oa madoa usiitafute kwenye pakiti ya dukani. Sababu utaziona unavyoendelea kusoma.

Unayohitaji kuelewa kabla ya kugusa unga

Pamoja na jina lake, ndimu ya unga haikamuliwi kwenye ndimu. Viwandani inatengenezwa kwa kulisha sukari kuvu aitwaye Aspergillus niger, njia iliyotokana na kazi ya mkemia James Currie mwaka 1917. Kwa hiyo usitarajie vitamini C ndani yake. Vitamini C ni asidi nyingine kabisa, na anayekuuzia sitriki kama "vitamini C ya uso" amekudanganya au naye kadanganywa.

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH ya karibu 5. Kipimo hiki kinahesabiwa kwa makumi: kitu chenye pH 4 kina uchachu mara kumi ya chenye pH 5, na chenye pH 3 mara mia. Sasa chukua gramu 1 ya sitriki uitie kwenye maji safi mpaka jumla iwe gramu 100. Maji hayo yana pH ya karibu 2.2, sawa na juisi ya ndimu. Kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji, ambacho watu wanakiona kidogo, kinashuka hata chini ya hapo. Ndiyo maana vijiko havina nafasi katika kazi hii.

Vitu vya kuwa navyo

Usianze kama kimojawapo cha hivi hakipo:

- Sitriki ya daraja la chakula, yenye maandishi kwenye pakiti. Tafuta jina lake au alama E330. Usinunue unga mweupe wa kupimiwa kwenye mfuko usio na jina, kwa sababu asidi ya oksaliki, inayotumika kusafishia kutu na ambayo ni sumu, nayo ni chembe nyeupe za namna hiyo hiyo.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.1. Ile mizani midogo ya masonara inafaa na bei yake inavumilika.
- Karatasi za pH. Za 1 hadi 14 zinasaidia kuanzia, lakini ukipata za 4 hadi 7 utasoma vizuri zaidi. Maduka ya vifaa vya maabara wanazo, na wakati mwingine wauza dawa za mabwawa ya kuogelea.
- Maji yasiyo na madini. Duka la dawa likikosa, tumia maji ya kunywa ya chupa yaliyochemshwa yakapoa.
- Vyombo vya plastiki, kioo au chuma cha pua, na mwiko wa plastiki au silikoni.
- Glavu na miwani ya kukinga macho. Unga huu ukiingia jichoni unaunguza, na vumbi lake linawasha pua na koo.
- Daftari.

Maonyo mawili hapo hapo. Kwanza, maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yasiingie kwenye kazi hii, maana chupa zake hukaa rafu moja na za asidi ya betri, na kuna zinazofanana mpaka kizibo. Pili, sufuria za alumini ziache jikoni. Asidi inaila alumini, na kinacholika kinaingia kwenye sabuni yako.

Kama uko Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, funga pakiti vizuri kila unapochota. Hewa ya pwani ina unyevu, na sitriki iliyoachwa wazi inavuta maji ikawa bonge. Bonge halijaharibika, ila uzito wake sasa una maji ndani, na vipimo vyako vitakudanganya.

Kazi kubwa: sabuni ya maji ya kuogea yenye pH ya 5

Nimechagua sabuni ya maji ya kuogea kwa kuwa ndiyo wengi wanaanza nayo na ndiyo inayohitaji sitriki hasa. Sabuni hii inatengenezwa kwa slesi, ile jeli nzito ambayo Kenya wengi wanaijua kwa jina la Ungerol, na CDE, kimiminika kizito cha kuongeza povu na uzito. CDE ina asili ya magadi, kwa hiyo ukimaliza kuchanganya bila kurekebisha unapata sabuni yenye pH ya 8 au 9. Inatoa povu zuri na inanukia, lakini ukitoka kuoga ngozi inavutana na miguu inapauka.

Kwa kilo moja utahitaji:

- slesi (ile nzito ya asilimia 70), gramu 150
- CDE, gramu 30
- gliserini, gramu 20
- benzoeti ya sodiamu, ambayo ni kihifadhi, gramu 5
- chumvi safi ya mezani, gramu 10 hadi 20
- maji, gramu 770
- maji ya sitriki utakayotengeneza katika hatua ya 1

Mapishi mengi ya mitaani yanaweka fomalini kama kihifadhi. Kwenye kitu kinachogusa mwili usiiweke. Inawasha ngozi, inaleta mzio, na ni kemikali inayosababisha saratani.

1. Tengeneza maji ya sitriki. Weka kikombe cha plastiki kwenye mizani, pima gramu 80 za maji, kisha ongeza gramu 20 za sitriki. Koroga hadi chembe zote ziishe. Haya ni maji ya asilimia 20. Andika jina, asilimia na tarehe kwenye chupa, uweke mbali na watoto, maana kwa macho hayana tofauti na maji ya kunywa. Tengeneza ya kutumia wiki hiyo tu, kwa kuwa kuna kuvu wanaoweza kuota hata kwenye maji ya asidi.

2. Yeyusha benzoeti kwenye gramu 770 za maji, peke yake, kabla ya kitu kingine. Inayeyuka haraka. Mpangilio huu si wa mapambo, na utaona sababu kwenye matatizo huko chini.

3. Tia slesi kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Ukiharakisha utapata ndoo ya povu na mabonge yanayoelea kama vipande vya nazi changa. Mabonge yakikataa, funika uache hadi asubuhi, yatalegea yenyewe.

4. Ongeza CDE na gliserini. Koroga mpaka rangi iwe moja.

5. Pima pH ya kuanzia. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanachovya karatasi moja kwa moja kwenye sabuni nzito. Sabuni inanata juu ya karatasi, rangi zinachuruzika, na unachosoma si cha kuaminika. Chukua gramu 10 za sabuni, ongeza gramu 90 za maji yasiyo na madini, koroga polepole, ngoja povu litulie. Chovya karatasi sekunde moja, kung'uta tone la mwisho, kisha soma kwa muda uliotajwa kwenye kopo, kwenye mwanga wa mchana. Taa ya njano inageuza kijani kuwa kitu kingine. Andika namba kwenye daftari.

6. Tia maji ya sitriki gramu 5 kwa kuanzia. Yamwage kwa mzunguko huku ukikoroga, usiyarundike sehemu moja. Utaona pale yanapoangukia pamekuwa na wingu jeupe kwa muda kisha pakatakata. Wingu likikaa bila kutoka, umemwaga kwa haraka mno.

7. Ngoja dakika 5, pima tena kwa njia ile ile ya hatua ya 5.

8. Endelea kwa gramu 2 kila mara hadi ufike karibu na 7. Ukishafika hapo punguza iwe gramu 1, halafu matone. Elewa tabia yake: kutoka 9 hadi 8 inashuka kwa uvivu, unaweza kudhani sitriki yako ni feki. Ikishapita 7 inaporomoka, kisha karibu na 5 inatulia tena. Watu wengi wanaharibu mzigo kati ya 7 na 5 kwa sababu bado wana mkono wa kule juu.

9. Simama pH ikiwa 5, au chini yake kidogo sana. Kwa vipimo hivi, maji ya sitriki yanayotumika kwa kawaida ni kati ya gramu 5 na 15, kutegemea CDE uliyonunua na madini yaliyomo kwenye maji. Usichukue namba ya mwenzako ukaimwaga yote mara moja. CDE ya duka hili na ya duka lile hazilingani.

10. Sasa tia chumvi, gramu 5 kwa awamu, iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo. Sabuni itaanza kuwa nzito. Ikifika uzito unaoutaka, acha. Chumvi ikizidi, sabuni inarudi kuwa maji maji, na kuongeza nyingine kunazidisha tatizo.

11. Iache ikae siku moja, povu lishuke, kisha pima pH mara ya mwisho kabla ya kufungasha. Andika uzito kamili wa sitriki uliotumika, tarehe, na duka ulikonunua kila kitu.

Kwa nini ninang'ang'ania 5 na si 6? Kwa sababu ya kihifadhi. Benzoeti ya sodiamu haiui vijidudu ikiwa katika umbo lile unalolinunua. Inahitaji uchachu ili sehemu yake igeuke asidi ya benzoiki, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Kwenye pH 5, kama asilimia 14 ya benzoeti yako inakuwa kazini. Kwenye pH 6 haifiki asilimia 2. Maana yake ni kwamba unaweza kuweka kihifadhi cha kutosha, ukakilipia, na sabuni ikaota ukungu kwa kuwa tu hukushusha pH. Na kinyume chake pia si kweli: sitriki yenyewe, bila kihifadhi, haizuii sabuni kuoza.

Ukiwa unatengeneza ili uuze, kumbuka kwamba Tanzania vipodozi vinasimamiwa na TBS na Kenya na KEBS. Daftari lenye pH ya kila mzigo ni mwanzo mzuri wa maelezo utakayotakiwa kuyatoa.

Losheni na krimu

Njia ni ile ile: maji ya sitriki ya asilimia 20, matone, kupima sampuli iliyochanganywa na maji, kusimama kati ya 5 na 5.5. Tofauti ni tatu.

Losheni ikiwa imepoa chini ya nyuzi 40 ndipo uipime na kuirekebisha. Ikiwa moto karatasi zinadanganya.

Pili, losheni inahitaji sitriki ndogo sana kuliko sabuni ya maji, kwa hiyo anza na matone, wala si gramu. Na kwa kuwa inabaki mwilini kutwa nzima, benzoeti peke yake haitoshi. Tafuta kihifadhi kinachozuia bakteria na kuvu kwa pamoja, ufuate pH iliyoandikwa na muuzaji wake.

Tatu, jua kilichoshikanisha losheni yako. Nta za kisasa za kushikanishia maji na mafuta, zisizo na chaji, zinavumilia sitriki. Lakini krimu za zamani zinazotengenezwa kwa asidi ya stiariki na triethanolamini ndani yake kuna sabuni, na asidi inaivunja sabuni hiyo. Ukitia sitriki hapo utashuhudia krimu ikijitenga, maji chini na mafuta juu, na haitarudi. Krimu ya namna hiyo iache na pH yake.

Mahali ambapo sitriki haiendi

Sabuni ya kipande, au sabuni yoyote halisi iliyopikwa kwa mafuta na costic, ile soda kali ya kupikia sabuni. Sabuni hiyo ina pH ya 9 hadi 10 kwa asili, na haiwezi kuwa sabuni ikiwa na pH 5. Ukiilazimisha kwa asidi, inarudi kuwa mafuta: ya maji inakuwa kama maziwa na utando wa mafuta juu, ya kipande inakuwa laini na yenye kunata. Watengenezaji wenye uzoefu huweka sitriki kwenye sabuni ya kipande kwa sababu nyingine, ili ipunguze ule utando unaobaki na maji ya kisima. Sitriki inakula costic, kila gramu 10 za sitriki kavu zinakula kama gramu 6.2 za costic, kwa hiyo wanaongeza costic ya kufidia. Kama hujazoea kuhesabu costic, hiyo si kazi ya kuanzia.

Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, siagi ya shea. Nimeulizwa mara nyingi uwiano wa sitriki kwenye mafuta ya mgando. Uwiano ni sifuri. pH ni jambo la maji, na ndani ya mafuta hakuna maji. Sitriki haiyeyuki humo, inabaki chembe ngumu zinazokwaruza, na pale jasho linapoikuta chembe, unapata tone la asidi kali juu ya ngozi.

Uso, ikiwa maji ya sitriki matupu. Kuna asidi zinazotumika kihalali kulainisha ngozi ya uso, kama glikoliki na laktiki, na jopo la wataalamu la Marekani linalochunguza usalama wa vipodozi liliweka mipaka kwa bidhaa hizo mbili za kutumia nyumbani: zisizidi asilimia 10, na pH isiwe chini ya 3.5. Linganisha na maji ya sitriki ya kikombe na kijiko yenye pH 2. Ukihitaji bidhaa ya namna hiyo, nunua iliyopimwa, yenye asilimia kwenye lebo, utumie usiku, na mchana ujikinge na jua kwa SPF 30 au zaidi. Mamlaka ya Marekani ya FDA inapendekeza lebo za asidi hizi zimuonye mtumiaji ajikinge na jua hata wiki nzima baada ya kuacha.

Juisi ya ndimu au limau ni mbaya zaidi. Mbali na asidi, ina kemikali ziitwazo furanokumarini ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi zinaiunguza. Malengelenge yanatokea siku moja au mbili baadaye, mtu hata hakumbuki kwamba alipaka ndimu, na alama nyeusi zinakaa wiki hadi miezi. Ngozi nyeusi ndiyo inayoonyesha alama hizo kwa muda mrefu. Unapaka ili kutoa doa, unajiongezea doa.

Na mkorogo. Hapa nasema bila kuzunguka: sitriki haimfanyi mtu mweupe. Inaweza kulegeza ngozi iliyokufa juu, ile inayofanya mguu uonekane umepauka, basi. Anayeitia kwenye mkorogo anafungua ngozi ili zebaki na haidrokwinoni vipenye vizuri zaidi, na vitu hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya kwa sababu za msingi. Mteja akikuomba hivyo, mkatalie. Ngozi yake ina thamani kuliko noti yake.

Sehemu za siri pia zina uchachu wake unaojitengeneza wenyewe. Usiingize maji ya ndimu wala ya sitriki.

Kazi ndogo inayofaa: kuloweka miguu yenye magaga

Hii naipenda kwa sababu ni salama ukifuata vipimo na matokeo yake yanaonekana. Usiifanye kama una kisukari, kama nyufa zinatoa damu, au kama kuna kidonda. Mtoto naye asifanyiwe.

1. Weka lita 2 za maji ya vuguvugu kwenye beseni la plastiki.

2. Yeyusha gramu 20 za sitriki.

3. Ongeza gramu 9 za bekingi soda, kidogo kidogo. Itachemka kwa povu, ni kawaida. Bekingi soda inapunguza makali, na maji yanafika pH ya karibu 4 badala ya 2. Pima kuhakikisha. Kwa maji ya kisima yenye chokaa inaweza kusimama juu kidogo ya hapo, acha hivyo.

4. Jaribu kwanza: lowesha sehemu ndogo ya ndani ya mkono kwa maji hayo dakika 10, suuza, ungoje kesho yake. Pakiwasha au kuwa pekundu, usiendelee.

5. Loweka miguu dakika 10 hadi 15. Muda ukiisha toa, hata kama unasikia raha.

6. Suuza kwa maji safi, sugua kisigino kwa jiwe la kusugulia bila kutumia nguvu, kausha, na paka mafuta ya mgando ungali na unyevunyevu. Vaa soksi ukalale.

Mara mbili kwa wiki inatosha. Kama baada ya mwezi magaga yako pale pale, krimu yenye urea ya duka la dawa itakufaa zaidi kuliko kuongeza sitriki. Na beseni hilo usilisafishe kwa Jiki kabla hujamwaga na kusuuza. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na chumba cha kuogea kisicho na dirisha si mahali pa kukutana nayo.

Mambo yakienda kombo

Chembe nyeupe nyembamba zinaelea kwenye sabuni, zinameremeta ukiipeleka kwenye mwanga. Hiyo ni asidi ya benzoiki. Umetia sitriki ya unga, au maji makali ya sitriki, mahali penye benzoeti nyingi, na asidi ya benzoiki haiyeyuki vizuri kwenye maji. Pasha sabuni kidogo kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, koroga taratibu, mara nyingi zinayeyuka. Zikirudi ikipoa, chuja, na ujue kihifadhi chako kimepungua. Mzigo huo tumia nyumbani haraka, usiuuze.

pH imeshuka mpaka 4 au chini. Yeyusha gramu 1 ya bekingi soda kwenye gramu 20 za maji, rudisha kwa matone ukipima. Usitumie costic kurekebishia. Costic ni kali mno, ukizidisha kidogo pH inapita lengo na utaanza kukimbizana na namba.

Sabuni imekuwa nyepesi ghafla. Kama ulishatia chumvi, huenda imezidi: toa kikombe kimoja, ongeza maji kidogo, uone kama kinarudi kuwa kizito. Kama uliweka kabopoli kwa ajili ya uzito, sababu ni nyingine. Kabopoli inalegea uchachu ukiongezeka na inalegea zaidi ikikutana na chumvi. Kwa bidhaa ya pH 5, gundi ya zanthani ni rafiki zaidi.

Karatasi inasoma vingine kila ukipima. Angalia tarehe ya kopo na kama kifuniko kilikuwa kimekaza. Karatasi zilizovuta unyevu hazifai. Kuzijaribu ni rahisi: chovya moja kwenye siki nyeupe, isome karibu 2.5 au 3, na nyingine kwenye maji yenye bekingi soda, isome karibu 8.

Sabuni ilikuwa 5, baada ya wiki mbili ni 6. Mara nyingi ulipima kabla haijachanganyika vizuri, au slesi ilikuwa na mabonge yaliyoyeyuka baadaye. Rekebisha kwa matone. Ikiwa pH inabadilika na harufu pia imebadilika, au kuna utando juu, vijidudu vimeingia. Mwaga.

Ngozi inachonyota baada ya kutumia kitu chenye pH sahihi. Huenda tatizo si sitriki kabisa. Perfume ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza, na CDE wa pili. Tengeneza gramu 100 bila perfume ujaribu upande mmoja wa mkono.

Umeshajiunguza. Suuza kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, na kwa jicho fungua kope maji yapite ndani muda wote huo. Usipake bekingi soda kutuliza, wala dawa ya meno, wala asali. Baada ya hapo paka mafuta ya mgando mepesi juu ya ngozi isiyopasuka, na eneo hilo lisione jua mpaka lipone. Malengelenge yakitokea, au ikiwa ni jicho, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ubebe pakiti ya ulichotumia wakaisome.